Kitabu cha bure, je, ni kitabu cha wote?

Mwaka 1831, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, mzee mmoja mtumwa aliketi akashika kalamu, akaanza kuandika kwa hati za Kiarabu. Alitanguliza Bismillahi, kisha akafuatiliza Sura ya Mulk, ile ambayo watoto wetu wa chuoni huijua kwa jina la Tabaraka na ambayo wazee huisoma usiku kabla ya kulala. Alipoimaliza sura ndipo akaanza kusimulia maisha yake: alikozaliwa, masheikh waliomsomesha, jinsi alivyotekwa, bahari kubwa aliyovushwa, na mabwana aliowatumikia.

Jina lake lilikuwa Omar bin Said. Kwao kulikuwa Futa Toro, kandokando ya mto Senegal, Afrika ya Magharibi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitafuta elimu kwa muda wa miaka 25 kabla ya kushikwa na kuuzwa. Mwaka 1807 alishushwa katika bandari ya Charleston, South Carolina. Huko akanunuliwa na bwana mkatili, naye akamkimbia. Akakamatwa na kutiwa jela katika mji wa Fayetteville. Inasimuliwa kwamba humo jela aliokota makaa, akazijaza kuta maandishi ambayo hapana mtu mjini aliyeweza kuyasoma. Watu wakawa wanakuja kutazama. Baadaye akanunuliwa na James Owen, mtu wa ukoo mkubwa. Nduguye, John Owen, alikuwa gavana wa jimbo hilo tangu 1828 hadi 1830.

Sasa msomaji atazame tarehe. Omar aliandika 1831. Katika kikao kilichoanza 1830, baraza la jimbo hilo hilo lilikuwa limepitisha sheria ya kukataza mtumwa yeyote asifundishwe kusoma wala kuandika, wala asipewe kitabu. Mzungu atakayevunja sheria hiyo atozwe faini ya kuanzia dola 100 hadi 200, au afungwe. Mtu mweusi aliye huru aweza kupigwa viboko, visipungue 20 wala visizidi 39. Jambo moja tu liliachwa: hesabu. Mtumwa kufundishwa tarakimu haikuwa kosa, na hapana shaka ni kwa kuwa mtumwa ajuaye kuhesabu magunia ana faida kwa bwana wake. Ajuaye kusoma hana faida hiyo. Huenda siku moja akasoma jambo.

Lakini Omar sheria hiyo haikumpata. Elimu yake hawakumpa wao, hivyo hawakuweza kumpokonya. Na kwa kuwa hapana aliyeweza kuisoma hati yake, hapana aliyeweza kuifuta wala kuirekebisha. Katika nchi ambayo mtu alikuwa milki ya mtu, yeye alianza habari zake kwa sura inayotukumbusha kwamba milki yote ni ya Mwenyezi Mungu. Kweli, kabla ya hapo alikuwa amebatizwa, na wataalamu hadi leo wanajadiliana moyoni mwake mlikuwa na nini. Wino wake lakini umebaki.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu katika nchi hiyo hiyo, na zaidi katika majimbo yale yale ya kusini, mabishano juu ya elimu yamezuka tena. Hatusemi kwamba sheria za leo ni sawa na zile za utumwa. Mwenye kusema hivyo atawadhulumu waliochapwa viboko kwa ajili ya alifu na bee. Leo hapana anayekatazwa kusoma. Mabishano ya leo ni mengine: mlango wa elimu ukishafunguliwa kwa wote, je, inaruhusiwa kusema wazi kwamba wako watu ambao hadi sasa hawajaweza kuingia? Na inaruhusiwa kutumia fedha za umma kuwafuata huko waliko?

BEI YA KITABU

Yataka kwanza tueleze maana ya elimu huria, kwani ndiyo shina la habari hii.

Huko Marekani mwanafunzi wa chuo kikuu hununua vitabu vyake mwenyewe, na kitabu kimoja cha fizikia au cha elimu ya viumbe huweza kupita dola 200. Kitabu hakiwezi kunakiliwa, kwani hakimiliki inazuia. Kila baada ya miaka michache hutolewa chapa mpya, na ile ya zamani ikawa haifai tena darasani. Mtoto wa tajiri hulipa akasahau. Mtoto wa maskini huingia darasani bila kitabu, akawa mfano wa mtu aliyealikwa karamuni akakosa sahani.

Walimu wengine wakaona haya hayafai. Mwaka 1999 Richard Baraniuk, profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston, Texas, alianzisha mpango wa walimu kuandika masomo na kuyaacha wazi kwa kila mtu. Mwaka 2001 chuo cha MIT kikatangaza kwamba kitatoa masomo yake bure katika intaneti. Mwaka 2002 UNESCO ikaitisha mkutano Paris, na humo ndimo jambo hili lilipopewa jina linalotumika hadi leo duniani. Mwaka huo huo zikatolewa leseni za Creative Commons. Kwa leseni hizo mtungaji hatupi haki yake, bali hutangaza mapema kwamba kazi yake ruhusa kunakiliwa, kugawanywa, na mara nyingi hata kufasiriwa na kubadilishwa, mradi jina lake litajwe. Mwaka 2012 mpango wa Rice ukazaa OpenStax, na vitabu vyake vya kwanza, cha fizikia na cha elimu ya jamii, vikatoka bure.

Matokeo yake yalipimwa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Georgia juu ya wanafunzi 21,822. Walilinganisha madarasa yaliyotumia vitabu vya kununua na yale yaliyotumia vitabu huria. Waliotumia vitabu huria walipata alama bora, na waliofeli au kuacha somo walipungua. Waliofaidika zaidi walikuwa wale wanaopokea msaada wa serikali kwa ajili ya umaskini, wale wasiosoma kwa muda wote, na wale wasio Wazungu.

Jambo hili lafaa kuzingatiwa. Georgia ndilo jimbo ambalo mwaka 1829 liliweka faini ya hadi dola 500 na kifungo kwa Mzungu atakayemfundisha mtu mweusi kusoma, awe mtumwa au huru. Na huko huko, kuondolewa kwa bei ya kitabu kumewainua wajukuu wa wale waliokatazwa. Hapana aliyeulizwa rangi yake. Bei iliondolewa kwa wote, na aliyekuwa ameelemewa zaidi ndiye aliyepata nafuu zaidi.

MLANGO WAZI, NGAZI HAKUNA

Hapo mtu aweza kusema: basi, kazi imekwisha. Kitabu ni bure, kila mtu na asome. Lakini bure si sawa na kwa wote, na kisa cha chuo cha Berkeley, California, chatosha kuwa ushahidi.

Chuo hicho kilikuwa kimeweka hadharani zaidi ya kanda 20,000 za sauti na picha za masomo yake, bila malipo. Dunia nzima ilisikiliza, isipokuwa viziwi. Kanda nyingi hazikuwa na maandishi ya kufuata maneno ya mwalimu. Watu wawili wenye uziwi wakashitaki. Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda walemavu, na mwezi Agosti 2016 Wizara ya Sheria ikakiambia chuo kwamba kimeivunja. Chuo kikatazama gharama ya kuandika maneno ya kanda zote hizo, kikaamua njia ya mkato: mwezi Machi 2017 kikaziondoa kanda hizo zisionekane na umma.

Watu wakagawanyika. Wengine wakawalaumu viziwi kwamba wamewanyima wenzao. Nasi tunawajua watu wa namna hiyo, wale ambao akisema mlemavu kwamba msikiti hauna njia ya kiti chake cha magurudumu, humwona yeye ndiye mkorofi, si aliyejenga ngazi. Wengine wakasema kosa ni la chuo, ambacho kilijenga nyumba ya watu wote pasipo kuwauliza watu wote.

Lakini yapo mawili ya kujifunza. La kwanza, kanda zile zilikuwa zimetolewa kwa leseni huria, kwa hiyo kabla hazijaondolewa watu wengine walizinakili wakazihifadhi kwingine, na hapana aliyeweza kuwashitaki. Kilichokwisha kuachiwa watu hakirudi mfukoni kwa urahisi. La pili, sheria haikuishia hapo. Mwaka 2022 chuo kilikubaliana na Wizara ya Sheria, mbele ya mahakama, kwamba mambo yake ya intaneti kitayatengeneza yawafae walemavu. Sheria ile ile ambayo mwanzoni ilionekana imefunga, mwishowe ikalazimisha ngazi ijengwe.

Hivyo sheria si adui wa elimu siku zote. Mwaka 2013, mjini Marrakesh, mataifa yalikubaliana mkataba wa kuruhusu vitabu vigeuzwe kuwa maandishi ya nukta au sauti kwa ajili ya vipofu, pasipo kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki kila mara. Kenya ilijiunga nao mwaka 2017. Maandishi ni yale yale, kalamu ni ile ile. Tofauti ni anayeishika na anamkusudia nani.

SHERIA MPYA

Sasa tufike penye moto. Kwa miaka mingi vyuo vya Marekani vilikuwa na afisi maalumu za kushughulikia mambo matatu: kuwachanganya watu wa kila asili, kuwatendea kwa haki kila mmoja kwa hali yake, na kuwashirikisha wote. Walimu wa elimu huria walifanya kazi bega kwa bega na afisi hizo. Walikuwa wakiuliza: katika kitabu hiki cha utabibu, picha za magonjwa ya ngozi zaonyesha ngozi nyeusi? Katika hesabu hizi, majina ya watu ni ya kabila moja tu? Katika historia hii, nani kaachwa?

Mwezi Mei 2023 gavana wa Florida alitia sahihi sheria inayokataza vyuo vya serikali kutumia fedha za jimbo au za serikali kuu kwa shughuli hizo. Sheria hiyo inaagiza pia kwamba masomo ya msingi yasijengwe juu ya fikira kwamba ubaguzi umo ndani ya mihimili ya nchi yenyewe. Mwezi Juni mwaka huo Texas ikafuata: sheria yake, iliyoanza tarehe 1 Januari 1924 + 100, yaani 2024, ikafunga afisi hizo katika vyuo vyote vya umma, ikakataza mafunzo ya lazima ya namna hiyo, na ikakataza kumtaka mwombaji kazi aandike msimamo wake juu ya mambo hayo. Utah na Alabama nazo zikapitisha sheria zao mwaka 2024. Mwishoni mwa Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuamua kwamba vyuo visiitazame rangi ya mtu katika kuwachagua wanafunzi. Kisha mwezi Januari 2025 Rais Trump akatoa amri zake dhidi ya mipango hiyo nchi nzima, na tarehe 14 Februari Wizara ya Elimu ikavitumia vyuo waraka wa kuvionya kwamba vitanyimwa fedha. Waraka huo ulibatilishwa na mahakama ya serikali kuu huko Maryland mwezi Agosti 2025.

Wanaoziunga mkono sheria hizi wana hoja zao, na insafu yataka zisikizwe. Wanasema mtu apimwe kwa kazi yake, si kwa rangi yake wala kwa alikotoka. Wanasema fedha za mlipa kodi zilitumiwa kulipa afisi zilizomlazimisha mwalimu kukiri fikira asizoziamini ili apate kazi. Kumlazimisha mtu akiri asiloliamini ni jambo ambalo hata sisi hatulipendi.

Wanaozipinga nao wana jibu. Wanasema mbio hazianzi pamoja. Mmoja babu yake alisomeshwa, mwingine babu yake alichapwa kwa kushika kitabu. Ukisema sasa hatutazami ya nyuma, umeyaacha ya nyuma yaendelee kutazama mbele. Wanasema pia kwamba ukikataza jina la ugonjwa hujauponya, ila umemnyima mgonjwa njia ya kumweleza tabibu.

KINACHOKATAZWA NA KINACHOOGOPWA

Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hawalioni. Ile sheria ya Texas yenyewe, ukiisoma kwa utulivu, inasema kwamba haigusi mafundisho ya darasani, wala utafiti wa wasomi, wala vyama vya wanafunzi. Tena ni ya vyuo vya umma. Chuo cha Rice, wanakotoka vitabu vya OpenStax, si cha umma. Katika Florida, sheria nyingine ya mwaka 2022 iliyotaka kuyaingilia maneno ya walimu wa vyuo vikuu ilizuiwa na jaji wa serikali kuu mwezi Novemba mwaka huo huo.

Basi kwa nini kimya kikawa kikubwa kuliko marufuku? Kwa sababu hofu haina mipaka kama sheria. Sheria huandikwa kwa vifungu. Hofu haina kifungu. Mkuu wa chuo akiogopa kukatiwa fedha, humwambia aliye chini yake aondoe neno moja. Huyo huondoa ukurasa. Wa tatu huacha kukiandika kitabu kabisa. Mradi wa vitabu huria katika chuo cha serikali huendeshwa kwa fedha za umma, na anayeuongoza mara nyingi ni mtu mmoja wa maktaba asiye na wakili wa kumwuliza. Huyo ndiye anayebeba mzigo wa kukisia. Ashikaye tawi la mti anaoukalia hawezi kutikisa.

Na leseni huria yenyewe ina makali pande mbili, nayo tusiifiche. Ruhusa inayompa mwalimu uwezo wa kuongeza sura juu ya watu waliosahauliwa, ndiyo hiyo hiyo inayompa mtawala uwezo wa kuikata sura asiyoipenda na kukichapa upya kitabu kilichobaki. Kisu cha kukatia mkate hakichagui mkono. Kinga yake ni moja: kwamba kile kitabu kizima nacho hubaki huru, na hakuna awezaye kuziita nakala zake zote zirudi.

SHULE YA MAJINI

Watu wa zamani waliwahi kukutana na jambo hili katika hali ngumu zaidi. Mwaka 1847 jimbo la Missouri lilikataza shule zote za watu weusi, wawe watumwa au huru. Mjini St. Louis alikuwako mtu aitwaye John Berry Meachum, aliyezaliwa katika utumwa akajikomboa kwa kazi ya mikono yake. Masimulizi ya mji huo yanasema kwamba shule yake ilipofungwa hakubishana na askari. Alichukua meli akaitia nanga katikati ya mto Mississippi, akaijaza madawati na vitabu, na kila asubuhi watoto wakapelekwa kwa mashua. Mto ulikuwa chini ya mamlaka ya serikali kuu, si ya jimbo. Sheria ya Missouri ilikoma ukingoni mwa maji.

Wengine walikubali kulipa. Mjini Norfolk, Virginia, mwanamke wa Kizungu aitwaye Margaret Douglass aliwafundisha kusoma watoto weusi walio huru. Akashitakiwa mwaka 1853, na mwaka 1854 akakaa jela mwezi mzima.

Twaona hapo njia mbili. Meachum aliisoma sheria mpaka akajua inapokomea. Bibi Douglass aliilipa gharama yake hadharani ili watu waione ilivyo. Wote wawili walijua sheria inasema nini hasa, na hawakuiongezea kwa hofu yao wenyewe.

NJIA ZILIZOBAKI

Walimu wa elimu huria wa leo, katika majimbo yenye sheria hizo, wamebakiwa na kazi nyingi za halali kuliko wanavyodhani.

Ya kwanza ni bei. Hakuna sheria inayokataza kitabu kuwa bure, na tumeona kule Georgia ni nani aliyeinuliwa nacho. Ya pili ni kuwafikia walemavu. Hilo sheria ya 1990 hailiruhusu tu, bali yaamrisha. Kila kanda iwe na maandishi, kila picha iwe na maelezo ya kusomewa kipofu. Ya tatu ni lugha: kitabu kilicho huru kwa leseni hufasiriwa pasipo kulipa. Ya nne ni usahihi. Mwalimu wa utabibu hahitaji afisi yoyote wala neno lolote la siasa ili aonyeshe kwamba ugonjwa mmoja huonekana vingine katika ngozi nyeusi na vingine katika ngozi nyeupe. Huo ni utabibu, na anayeuacha anafundisha nusu.

Hata hivyo tusijidanganye. Kazi isiyotajwa kwa jina haina bajeti, na kazi isiyo na bajeti hufa siku mwenye moyo wake anapostaafu. Ukiwasaidia maskini wote bila kutaja rangi utawafikia wengi, lakini lipo dhara lililomfika mtu kwa sababu ya rangi yake, na hilo halitibiwi kwa kupunguza bei. Mwalimu anayefanya kazi hii kimyakimya anastahili heshima. Na yule anayesimama mahakamani kudai jina lake lirudi, naye anastahili. Mmoja peke yake hatoshi.

NA SISI HUKU PWANI?

Msomaji aweza kuuliza: haya ya Marekani yatuhusu nini? Yatuhusu kwa kuwa vitabu hivyo vinafika kwetu. Mwanafunzi wa Mombasa au Lamu mwenye simu ya mkono aweza leo kukifungua kitabu cha fizikia cha OpenStax bila kulipa hata shilingi ya kitabu. Na hadithi za watoto zilizoachwa huru, zikiwamo za Kiswahili, hukusanywa na mpango wa African Storybook ulioanzia Afrika Kusini.

Tena jambo lenyewe si geni kwetu. Chuoni kwa maalim hapakuwa na mtoto aliyefukuzwa kwa kukosa ada. Mwenye nacho alileta, asiye nacho alisoma, na elimu haikuwa bidhaa ya dukani. Twajua kwamba kutafuta elimu ni faradhi juu ya kila Muislamu, na kwamba kuificha elimu ni dhambi. Kwa maana hiyo elimu huria tulikuwa nayo kabla ya kompyuta.

Lakini tuwe wakweli. Chuo kile kilichokuwa bure, je, kilikuwa cha wote? Mtoto kiziwi aliketi wapi? Kipofu alihifadhi kwa kusikia, vema, na wengi wao walikuwa mahafidhi wakubwa. Bali kitabu cha sayansi alikisoma kwa nani? Msichana aliyefika Juzuu Amma akaambiwa yatosha, ni sheria gani iliyomzuia? Hapakuwa na sheria. Palikuwa na mazoea tu, na mazoea ni mabaya zaidi kwa kuwa hayana mahakama ya kukatia rufani.

Leseni huria yatupa nafasi ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. Kitabu kikieleza nguvu za upepo kwa mfano wa theluji na mashine za Ulaya, mwalimu wa Faza ana ruhusa kisheria kuuondoa mfano huo akaweka tanga la jahazi. Haandiki barua kwa mtu, wala halipi. Kilichobaki ni mtu wa kuketi akaifanya kazi, na kumwuliza aliyeketi nyuma kabisa kama naye anaona ubaoni.

Tumalizie kwa mzee wetu Omar. Alifariki katika miaka ya vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe, akiwa angali mtumwa. Hati yake ilipita mikono mingi, ikapotea, ikaonekana. Mwaka 2017 ilinunuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwaka 2019 maktaba hiyo ikaziweka kurasa zake katika intaneti, wazi kwa kila mtu, bure. Jimbo ambalo lilikataza mtumwa asipewe kitabu limebaki na sheria hiyo katika makumbusho yake, na kitabu cha mtumwa chasomwa dunia nzima.

Lakini kisomwe na nani? Msomi wa Marekani huihitaji tafsiri ili aielewe. Kijana wa chuoni hapa Pwani akiufungua ukurasa wa kwanza atautambua papo hapo, ataanza kuusoma kwa sauti kabla hajaambiwa ni wa nani. Kwa mara hii moja, mlango ulipofunguliwa, aliyeketi nyuma kabisa ndiye anayeona vizuri.